Tunguu Ilisikiliza, Ngomeni Ikarusha

Jioni ya Februari 20, 1962, jua likielekea kuzama Unguja, mafundi wa Mradi wa Mercury, mpango wa Marekani wa kumpeleka mtu angani, walikuwa wamekaa mbele ya mitambo yao Tunguu, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, visikizio masikioni. Walikuwa wanamsubiri mtu mmoja tu. Mwanaanga John Glenn alikuwa ameruka kutoka Cape Canaveral, Florida, chini ya dakika 40 kabla, na tayari alikwishapita juu ya Visiwa vya Kanari na juu ya Kano, Nigeria. Chombo chake, Friendship 7, kilikwenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kikichomoza upande wa bara, watu wa Tunguu wangekuwa na dakika chache tu za kusikia sauti yake na kusoma mapigo ya moyo wake kabla hajapotelea juu ya Bahari ya Hindi, gizani.

Siku hizo hapakuwa na setilaiti za kupokezana mawasiliano. Redio ya chombo ilisikika pale tu chombo kilipokuwa juu ya upeo wa macho, kwa hiyo Marekani ililazimika kupanga vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa ndani ya meli, ili mwanaanga asikae kimya kwa muda mrefu. Njia ya Mercury ilikatiza Afrika kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, nayo Zanzibar ilikuwa mahali pa mwisho penye nchi kavu kabla ya bahari kuu. Kisiwa kilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza, na ni London iliyokubaliana na Washington kuhusu kituo hicho mwaka 1960. Wazanzibari wenyewe hawakuwa na sauti kubwa katika makubaliano hayo, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito wake.

Glenn hakuwa wa kwanza kusikika Tunguu. Septemba 13, 1961, chombo cha Mercury kilizunguka dunia mara moja bila mtu ndani. Kwenye kiti cha rubani palikuwa na mashine iliyotengenezwa ili kupumua: ilivuta oksijeni na kutoa unyevu kama mtu, ili wahandisi waone iwapo hewa ya ndani ingemtosha binadamu. Kulikuwa pia na kanda zilizorekodiwa sauti ya mtu, zikachezwa angani ili kila kituo kihakikishe kwamba redio zake zinasikia maneno vizuri. Miezi miwili baadaye, Novemba 29, akapita sokwe Enos. Alipangiwa mizunguko mitatu, akarudishwa baada ya miwili, kwa sababu kijiroketi kimoja kati ya vile vinavyokiweka chombo sawa kilikorofisha na chombo kikawa kinayumba na kupoteza mafuta yake.

Hitilafu ya namna hiyohiyo ilimkuta Glenn kabla hajamaliza mzunguko wake wa kwanza. Mtambo wa kujiendesha ulishindwa kukiweka chombo sawa, naye akaushika usukani kwa mkono wake na kuendelea hadi mwisho wa mizunguko yote mitatu. Kosa lililomrudisha sokwe mapema halikumrudisha mtu. Kwa wale waliokuwa wakitetea kumpeleka binadamu angani, hiyo ilikuwa hoja nzito kuliko hotuba yoyote, na ilijibu swali la kwa nini fedha nyingi hivyo zitumike kumbeba mtu anayehitaji hewa, maji na chakula, wakati mashine haihitaji chochote katika hivyo.

Tunguu yenyewe haikudumu. Katika Zanzibar ya miaka ile, siasa zilikuwa zimepamba moto na Vita Baridi vilikuwa vimefika hadi mabarazani. Wapinzani wa kituo, hasa ndani ya chama cha ZNP, walikitilia shaka kwamba ni kambi ya makombora iliyovalishwa joho la sayansi. Hakikuwa na kombora hata moja. Lakini shaka hiyo haikutoka hewani: watu waliowekewa mitambo ya dola kubwa kwenye ardhi yao bila kuulizwa walikuwa na kila sababu ya kuuliza. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, manowari ya Marekani, USS Manley, iliwaondoa raia wa Marekani kisiwani, wakiwamo wafanyakazi wa kituo. Aprili mwaka huo, majuma machache kabla ya Muungano na Tanganyika, serikali ya Abeid Karume ikataka kituo kiondolewe. Kazi ya kusikiliza upande huu wa bahari ikachukuliwa na kituo cha Tananarive, Madagaska, ambacho nacho kilifungwa mwaka 1975 kwa sababu za kisiasa zinazofanana na hizo.

Mwaka huohuo wa 1964, mlango wa Zanzibar ukiwa unafungwa, mwingine ulikuwa unafunguliwa kilomita mia tatu na ushei kaskazini, katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. Malindi iko kama kilomita 30 kusini mwake. Huko Waitaliano walikuwa wameleta jukwaa la chuma lililokuwa la kuchimbia mafuta, wakalisimamisha baharini kwa miguu yake, wakalipa jina Santa Rita, na kuanza kurusha kutoka hapo maroketi madogo ya majaribio.

Aliyelibuni jambo hili ni Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Dunia inapojizungusha, mahali palipo kwenye ikweta huenda kasi kuliko pengine popote: karibu kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa kutoka hapo kuelekea mashariki imekwishapewa kasi hiyo bure. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mbele yake, upande wa mashariki, ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyodondoka havimdhuru mtu. Italia, nchi isiyo na ikweta wala fedha za kushindana na Marekani au Urusi, ingeweza kurusha setilaiti zake kwa roketi ndogo.

Na roketi ilikuwa ndogo kweli. Scout ya Kimarekani ilikuwa na ngazi nne za mafuta magumu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya matangi ya kimiminika baridi wala mabomba ya kujazia. Kwenye jukwaa la pili, San Marco, ilijengewa banda refu lenye kiyoyozi. Ndani yake roketi ililazwa, ikaunganishwa ngazi kwa ngazi na kukaguliwa, ndipo ikasimamishwa. Waliohesabu sekunde za kuruka hawakuwa hapo. Walikaa Santa Rita, jukwaa jirani, wakitoa amri kupitia nyaya zilizolazwa chini ya maji. Aprili 26, 1967, setilaiti San Marco 2 ikaondoka hapo na kufika kwenye mzingo wake. Setilaiti ilikuwa imerushwa kwa mara ya kwanza kutoka jukwaa lililosimama baharini, na ilirushwa kutoka maji ya Kenya.

Ilhali macho ya dunia yalikuwa kwa wanaanga, kazi nyingine ilikuwa inafanyika kimyakimya. Juni 18, 1962, miezi minne tu baada ya Glenn kupita juu ya Tunguu, roketi ndogo isiyo na mtu ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikakaa juu ya angahewa kwa dakika chache na kurudi chini. Mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wameipakia vifaa vya kupima eksirei, wakitaka kujua kama Mwezi unatoa mionzi hiyo. Badala yake vifaa vilinasa chanzo kikali mno upande wa kundinyota la Nge, mbali kabisa na Mwezi, nje ya mfumo wetu wa jua. Eksirei za angani hazifiki ardhini. Angahewa huzimeza zote, na hilo ndilo linalotuwezesha kuishi. Kwa hiyo darubini za milimani, hata zile kubwa kabisa, zilikuwa zimeukosa upande huo wa ulimwengu tangu siku ya kwanza.

Kwa miaka minane iliyofuata, wataalamu wa eksirei waliishi kwa maroketi ya namna hiyo, kila moja likiwapa dakika chache za kuchungulia. Walichohitaji ni jicho lisilorudi chini. Jicho hilo lilipokamilika lilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 140, na lilihitaji mzingo unaofuata ikweta, ili liepukane na sehemu za anga zenye chembe nyingi za mionzi ambazo zingekipofusha kipimo chake. Ukiwa na roketi ndogo, mzingo kama huo hufikiwa kwa urahisi kutoka mahali palipo kwenye ikweta au karibu nayo sana. Ndivyo mzigo huo ulivyofika Ngomeni.

Aliyeusimamia mradi kwa upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, ni Marjorie Townsend, mhandisi wa elektroniki na mwanamke wa kwanza katika shirika hilo kupewa usimamizi wa chombo cha anga. Kuhesabu kulianza usiku, kukakwama, kukaendelea, hadi jua la Desemba likawa limepanda. Hatimaye Scout ikaondoka mchana wa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru. Townsend akaipa setilaiti jina la siku hiyo: Uhuru. Yeye na Giacconi hawakuwa na subira ya kungojea ratiba. Walipanda mashua ya mpira kutoka jukwaani, wakakata mawimbi hadi kambi ya pwani, na setilaiti ilipopita tena juu ya Ngomeni wakaviwasha vipimo vyake kwa muda mfupi ili wajue kama vimenusurika. Vilikuwa vizima.

Utendaji wa Uhuru ulikuwa wa taratibu mno kiasi kwamba kuusimulia ni kama kusimulia pangaboi. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, vipimo vyake viwili vikitazama pande mbili zinazokabiliana, vikifagia utepe mwembamba wa anga. Kisha utepe ukasogezwa. Tena na tena, tangu Desemba 1970 hadi Machi 1973. Mtu hawezi kukaa peke yake angani kwa miaka miwili akihesabu chembe za mionzi. Mashine hiyo haikufanya kitu kingine chochote. Matokeo yake ni orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, katika anga ambayo kabla yake vilijulikana makumi machache tu.

Baadhi ya vyanzo hivyo vilikuwa vya ajabu. Kimoja, Centaurus X-3, kilipiga kama moyo, kila baada ya sekunde 4.8, na baada ya kila siku mbili hivi kilizimika kwa saa kadhaa. Maelezo pekee yaliyokaa sawa ni kwamba kuna nyota ya nyutroni, iliyokufa na kujikunyata hadi upana wa mji, inayozunguka nyota kubwa na kuinyonya gesi yake. Gesi inapoangukia humo huchemka hadi kutoa eksirei, na nyota kubwa inapokatiza mbele yake huificha.

Kingine kiko katika kundinyota la Dajaja, nacho kiliitwa Cygnus X-1. Maroketi yalikiona tangu 1964, lakini ni Uhuru iliyoonyesha kwamba mwanga wake unachezacheza kwa sehemu ndogo ya sekunde, bila mpangilio wowote. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao mwanga huchukua kukikatiza, kwa hiyo chenye kuchezacheza namna hiyo lazima kiwe kidogo sana. Darubini za redio zikasaidia kupata mahali pake hasa, na mwaka 1971 wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakakuta hapo nyota kubwa ya buluu inayoyumbishwa kila baada ya siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Walipokokotoa uzito wa huyo asiyeonekana, wakakuta ni mzito kupita kiasi ambacho nyota ya nyutroni inaweza kubeba. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa na sababu nzuri ya kusema kwamba shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga haukitoki, si hesabu za karatasini tu. Wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau juu ya jambo hilo mwaka 1974. Hawking, aliyeweka upande wa kukataa, alikubali kushindwa mwaka 1990. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa kipimo cha maarifa, setilaiti hiyo ndogo ya Ngomeni iliupa ulimwengu mengi kuliko safari zote za Mercury zikijumlishwa. Hilo linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu vitabu vya shule vya Afrika Mashariki vimejaa Gagarin na Armstrong, na watoto wengi wa Kilifi, kaunti iliko Ngomeni, hawajapata kusikia kwamba ushahidi wa shimo jeusi la kwanza ulianza safari yake mbele ya pwani yao.

Setilaiti tisa ziliondoka Ngomeni kati ya 1967 na 1988, za Italia, Marekani na Uingereza, na zote zilifika. Ya mwisho ilikuwa San Marco D/L, Machi 25, 1988. Baada ya hapo Scout yenyewe ikastaafishwa, majukwaa yakaanza kuliwa na chumvi, na Italia ikahamishia nguvu zake Kourou, Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, ambako roketi yake mpya, Vega, iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo kikapewa jina lake.

Ushindani kati ya mtu na mashine, ambao magazeti hupenda kuukuza, haujawahi kuwa mkali hivyo kwa wanaofanya kazi. Mrithi mkubwa wa Uhuru ni darubini ya eksirei iitwayo Chandra, ambayo Giacconi alishiriki kuipendekeza tangu 1976. Ilipofika Julai 1999 haikurushwa peke yake. Ilipakiwa ndani ya chombo cha anga Columbia pamoja na wanaanga watano, chini ya Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuwa nahodha wa chombo cha Marekani, nao ndio walioitoa na kuiachia angani.

Utaratibu huo umeifaa Afrika Mashariki pia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho hakijakosa watu tangu Novemba 2000, kina chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo. Kibo kina kilango kidogo cha hewa na mkono wa roboti. Mwanaanga huweka sanduku la setilaiti kilangoni, hufunga, na mkono wa roboti hulichukua nje na kuitupa setilaiti kuelekea upande salama. Mei 2018 ilitoka hapo 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kikisaidiwa na chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio. RwaSat-1 ya Rwanda ikafuata mwaka 2019. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyotengenezwa na wahandisi watatu vijana waliopelekwa Japani kujifunza, ikatoka Desemba 2022.

Hata safari za Mwezi zimerudia mtindo wa 1961. Artemis I ilipoondoka Florida, Novemba 16, 2022, haikubeba mtu. Kwenye kiti cha nahodha alikaa mwanasesere aliyevalishwa suti ya wanaanga, na pembeni yake viwiliwili viwili, Helga na Zohar, vilivyojazwa vipimo vya mionzi ili kujua mwili wa mwanamke utapokea kiasi gani njiani. Baada ya hapo, Aprili 2023, ndipo yakatangazwa majina ya watu wanne wa safari ya pili.

Ngomeni nayo haijanyamaza. Antena zake bado zinafanya kazi, chini ya shirika la anga la Italia, na ni kupitia kwao data za darubini kadhaa za ulimwengu hushuka duniani. Mojawapo ni IXPE, ya Marekani na Italia, inayopima eksirei kwa namna ambayo Uhuru haikuweza: huangalia mawimbi yake yameelekea wapi, na hivyo kueleza umbo la sumaku na gesi kuzunguka mashimo meusi. Miongoni mwa vitu ilivyotazama ni Cygnus X-1. IXPE ina uzito wa kilo 330 hivi, nayo iko kwenye mzingo wa ikweta. Lakini Desemba 2021 ilirushwa kutoka Florida, nyuzi 28 kaskazini, kwa Falcon 9 nzima, roketi inayoweza kubeba tani nyingi, kwa sababu kukigeuza chombo kutoka njia ya Florida hadi njia ya ikweta hula nguvu kupita kiasi.

Mfano huo mmoja unatosha kuonyesha kwamba hesabu ya Broglio haijachakaa. Kisichokuwepo ni roketi ndogo ya kuaminika ya kuletwa hapo, jukwaa lililofanyiwa matengenezo, na mtu wa kulipa gharama. Kenya ilianzisha shirika lake la anga mwaka 2017, na Aprili 15, 2023, Taifa-1, setilaiti yake ya kutazama ardhi, ikarushwa kutoka California, nusu ya dunia mbali na Ngomeni. Hakuna cha kuona aibu hapo. Ndiko kulikokuwa na nafasi ya bei nafuu.

La kufuatilia kwa karibu ni mkataba ambao Kenya na Italia zilitia saini mwaka 2016. Ndani yake mna ahadi za mafunzo kwa Wakenya, haki ya kupata data zinazopokelewa, msaada kwa shirika la anga la Kenya na kituo cha kanda cha kutazama dunia kutoka angani. Wazanzibari wa 1960 hawakupewa nafasi ya kusoma kilichoandikwa kuhusu Tunguu. Wabunge wa Kenya wanayo, na wanaweza kudai kila mwaka hesabu ya wahandisi waliofunzwa, ya data zilizofika vyuoni Nairobi na Mombasa, na ya Wakenya wanaokaa kwenye viti vya kuendesha antena za Ngomeni.